Moshi wa Kweli na Moshi wa Sinema

Mwaka 1896 ulipoanza, watu wa Ufaransa walikuwa wakiingia katika vyumba vya giza kutazama kitambaa cheupe ambacho juu yake gari moshi, lililopigwa picha na Louis Lumière katika stesheni ya La Ciotat, liliwajia kwa muda usiotimia dakika moja. Na mwezi wa Aprili wa mwaka huo huo, kwa sadfa ambayo mpenda tarikhi hawezi kuipita bila ya kusimama, gari moshi la kweli lilifunguliwa njia baina ya Tanga na Muheza, mwendo wa kilometa 40, likapita mbele ya macho ya watu ambao walikuwa hawajapata kuona gari la namna hiyo wala picha yake. Sinema na reli ya Tanga, basi, ni hirimu moja. Wamezaliwa pamoja, wamekua pamoja, na mmoja amesifiwa dunia nzima kwa kumpiga picha ndugu wa mwenziwe katika nchi nyingine. Lakini hapa kwetu, baada ya zaidi ya miaka 120, hawajakutana kama ilivyostahili.

Sisi wa Mwera, ng'ambo ya kusini ya mto Pangani, hatukupata kupitiwa na reli hiyo, wala mlio wake haukutufikia. Hata hivyo hapana mtu wa upande huu awezaye kusema kwamba haimhusu. Mwaka 1893, mwaka ule ule ambao kazi ya reli ilianzishwa Tanga, Daktari Richard Hindorf, Mjerumani, aliletewa miche ya mkonge kutoka Florida kwa njia ya Hamburg, na katika miche elfu moja iliyoagizwa ni 62 tu iliyofika ingali na uhai, ikapandwa Kikogwe, jirani na kwetu. Kizazi cha miche hiyo ndicho kilichofunika nchi kuanzia pwani mpaka chini ya milima. Mkonge ukawa chakula cha reli, na reli ikawa miguu ya mkonge kuufikisha bandarini. Pangani, bandari kongwe ya misafara ya bara, ilitazama biashara yake ikihamia Tanga mwaka baada ya mwaka, kwa hiyo naweza kusema bila ya kutia chumvi kwamba watu wa Pangani waliilipia reli ile ghali kuliko wengi waliopanda mabehewa yake. Na katika mashamba yenyewe zilitandazwa reli nyembamba za trole, ambazo juu yake majani ya mkonge yalisafiri kutoka kondeni mpaka korona, yaani kiwanda cha kuyachuna, na baadhi ya mashamba yalikuwa na injini ndogo za mvuke, zenye kulishwa kuni, za kuzivuta trole hizo. Ukitembea leo katika konde za zamani utakuta kipande cha chuma kimefanywa nguzo ya ua au daraja la mfereji, nawe usipoulizia hutajua kwamba hicho kilikuwa njia ya gari moshi.

Reli kubwa ilikwenda polepole. Kampuni iliyoianza iliishiwa na fedha, serikali ya Kijerumani ikaichukua mwaka 1899, njia ikafika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, Buiko mwaka 1909, na Moshi mwaka 1911, kilometa 352 kutoka baharini. Miaka mitatu baadaye, mwezi wa Novemba 1914, mabehewa yale yale yaliyozoea kuchukua mkonge na kahawa yaliteremsha Tanga askari wa von Lettow-Vorbeck, mkuu wa jeshi la Kijerumani, na vita vya Tanga vikaamuliwa kwa sehemu kubwa na upesi wa gari moshi. Haya yameandikwa katika vitabu, nami sitayarefusha. Lililonishughulisha ni namna ya kuyaonyesha kwa macho.

Wako watu wengi duniani, hususan Uingereza, ambako magari moshi ya zamani yamehifadhiwa na yanatembezwa kwa uangalifu mkubwa, waliojitolea kuyapiga picha za kamera ya sinema, wakitaka picha zao zisifanane na kumbukumbu ya kawaida ya mtalii, bali ziwe na ule uzito na ule upole wa nuru tunaouona katika filamu kubwa. Tanga imejaaliwa mambo matatu ambayo hao huyasafiria mbali: hewa, mlima na kona za njia. Atakayetaka kuyatumia ni lazima kwanza ajue mvuke ni nini. Mvuke wenyewe hauonekani; ukiutazama mdomo wa birika lichemkalo utaona kwamba hapo hapo mdomoni hamna kitu, na weupe huanza mbele kidogo, pale hewa ya baridi inapouvunja mvuke ukawa matone madogo ya maji. Kadhalika gari moshi. Saa sita za mchana, jua linapowaka juu ya Korogwe, wingu linalotoka katika bomba lake huyeyuka kabla halijafika behewa la pili, na mpiga picha aliyesafiri siku nzima hurudi na injini nyeusi isiyo na roho; lakini alfajiri ya kipupwe, miezi ya Juni na Julai, hewa ingali ya baridi na yenye umande, wingu lile lile hukaa, hujikunja, hutanda juu ya mabehewa yote na kuburura kivuli chake juu ya mashamba.

Na hapo ndipo nchi inapomsaidia mwenye kamera. Kutoka Korogwe hadi Mombo na kuendelea, reli inafuata bonde, ukuta wa Usambara ukiwa upande wa kuume wa msafiri aendaye Moshi na mto Pangani ukiwa upande wa kushoto. Katika kipupwe jua huchomoza nyuma ya milima hiyo, kwa hiyo huchelewa kuonekana bondeni; na linapoukata ukingo wa mlima, nuru yake huja imelala, ilhali ubaridi wa usiku haujaondoka. Mpiga picha aliyesimama upande wa mtoni, uso wake ukielekea mlimani, hulipata gari moshi likimulikwa kwa nyuma, na mvuke unaomulikwa kwa nyuma huwaka kwa weupe wa fedha, kila tone likishika nuru, wakati mlima wenyewe ungali buluu ya giza. Saa hiyo ni fupi mno. Atakayeikosa hana la kufanya isipokuwa kungoja kesho yake, kwani hakuna mashine ya kurekebishia rangi, hata iwe ya thamani gani, itakayotia katika picha nuru ambayo haikuwako.

Mengine ni amali ya chombo. Picha ya sinema hupigwa fremu 24 kwa sekunde, na desturi ya mafundi ni kuiachia kila fremu nuru kwa nusu ya muda wake, yaani sehemu moja ya 48 ya sekunde, ili gurudumu linalozunguka liache ukungu mdogo ambao jicho la mwanadamu limeuzoea. Ukiipunguza nuru hiyo muda wake sana, kila fremu huwa kali kama picha mgando, na mwendo wa gari huonekana ukirukaruka. Kwa vile jua letu ni jingi, fundi hulazimika kuweka kioo cheusi mbele ya lenzi, apate kubaki katika kipimo hicho bila ya kuiunguza picha. Kazi ngumu zaidi ni kupatanisha injini nyeusi na mvuke mweupe katika fremu moja, maana ukiipima nuru kwa ajili ya chuma, mvuke utageuka karatasi tupu, na ukiipima kwa ajili ya mvuke, chuma kitakuwa shimo. Rai ya mafundi wengi, nami naikubali, ni kuuhifadhi mvuke na kuiacha injini iwe na giza lake, kwa sababu giza lililo na umbo hupendeza, bali weupe uliopotea haurudi.

Sauti nayo inadai heshima yake. Injini ya mvuke yenye mitungi miwili hupiga pumzi nne kwa kila mzunguko wa gurudumu, na mtu wa reli aliyekaa mbali, asiione kabisa, anajua kwa pumzi hizo kama inapanda mlima, kama imechoka, kama dereva wake ni mstahamilivu au ana haraka. Zile Garratt kubwa za shirika la reli la Afrika ya Mashariki, ambazo kila moja ilikuwa na jozi mbili za mitambo chini ya tangi moja la mvuke, zilikuwa na ajabu yao peke yake: jozi hizo hazikufungamana, kwa hiyo pumzi zao mara hulingana zikawa mlio mmoja mzito, mara huachana zikapishana, kisha hukutana tena. Sauti hiyo haiwezi kutungwa studioni. Ama hurekodiwa pale pale njiani, ama hukosekana.

Moshi nao si wa namna moja. Injini za Tanganyika kwa muda mrefu zililishwa kuni, na moshi wa kuni una rangi ya majivu yenye ubuluu, mwepesi, wenye kuchanganyika vizuri na ukungu wa asubuhi; baadaye yalipokuja mafuta mazito, moshi uliotakiwa na wakubwa wa reli ulikuwa ule usioonekana sana, maana moshi mweusi ni mafuta yaliyopotea. Lakini masizi yalipojaa katika mabomba ya ndani, faiaman, mwenye kulilisha tanuri, alitupa mchanga humo, mchanga ukavutwa kwa nguvu ukayasugua mabomba, na kwa dakika chache injini ikatapika wingu jeusi la kutisha. Wapiga picha hulipenda sana wingu hilo, wakamwomba faiaman alitoe kila wapitapo mbele ya kamera; na mtazamaji asiyejua hudhani kwamba hivyo ndivyo gari moshi lilivyokwenda siku zote, kumbe aliyeujua ufundi wake alisifiwa kwa kuuzuia moshi, wala si kwa kuutoa.

Hapa ndipo ninapoona tofauti baina ya sinema yenye elimu na sinema ya mapambo. Filamu mashuhuri kupita zote zilizoonyesha gari moshi la Afrika ya Mashariki ni Out of Africa ya mwaka 1985, iliyoongozwa na Sydney Pollack, ikapata tuzo saba za Oscar, mojawapo ikiwa ya upigaji picha, iliyochukuliwa na David Watkin. Mwenye macho hawezi kuukana uzuri wa zile picha za gari moshi likikata mbuga ya Kenya. Lakini injini iliyoonekana ikilivuta gari hilo haikuwa na uhai; ilisukumwa na injini ya dizeli iliyofichwa ndani ya behewa, na moshi wake ulipatikana kwa kuchoma mipira ya magari. Siwalaumu watengenezaji, kwani sinema tangu asili ni hila, na wao walikuwa na kazi ya kusimulia mapenzi ya watu wengine. Ninalosikitikia ni kwamba pamoja na moshi ule wa mipira tuliletewa pia reli isiyo na wafanyakazi: gari linakwenda, mabibi na mabwana wanashuka na kupanda, na yule aliyelilisha tanuri hana sura wala jina wala jasho. Picha ya namna hiyo imekwisha rithiwa na wapiga picha wengi, Waafrika kwa wageni, ambao wakilipata gari la zamani huligeuza pambo la huzuni tamu, wakaondoka bila ya kumwuliza mtu yeyote lilikuwa likiendeshwaje.

Kwa imani yangu, uzuri wa picha ya gari moshi hutokana na kuijua kazi yake. Faiaman aliyeanza zamu aliamka saa kadhaa kabla ya abiria, kwa sababu maji baridi ya tangi hayawi mvuke wa kuvutia mabehewa kwa muda wa kupika chai. Aliutia moto taratibu ili chuma kisipasuke, akatazama kioo cha maji asiache kina kishuke, kwani tangi likikauka juu ya moto ni mauti. Dereva alijua kila mwinuko, akafungua mvuke kabla ya mlima na kuupunguza kabla ya kilele. Nje yao walikuwako pointiman wa kugeuza njia, gadi mwenye bendera na taa, na magengi ya njia, watu wa nyundo na koleo, waliokaa katika vibanda vya kando ya reli na kuyakaza mataruma ya chuma juani na mvuani. Kwa miaka mingi ya ukoloni udereva wa safari ndefu ulishikwa na Wazungu na Wahindi, na Mwafrika aliyeijua injini kama kiganja chake alibaki na koleo; tena mgomo uliotoka bandarini Dar es Salaam mwezi wa Septemba 1947 ukaenea relini, na watu hao walionyesha kwamba bila ya mikono yao hakuna gurudumu linalozunguka. Kamera ikikaa juu ya mkono huo, juu ya uso ule unaomulikwa na mlango wa tanuri uliofunguliwa ghafula, itapata nuru bora kuliko machweo yote ya mbugani, na itapata na ukweli pamoja nayo.

Yapasa pia tukumbuke kwamba mkoa wetu si mgeni wa sinema. Baina ya mwaka 1935 na 1937, huko Vugiri, mlimani juu ya Korogwe, palikuwa na makao ya jaribio la Bantu Educational Kinema Experiment, lililoongozwa na Meja Notcutt, ambaye alipata kusimamia mashamba ya mkonge, pamoja na Bwana Latham, kwa fedha za shirika la Carnegie la Marekani. Kutoka Vugiri zilitolewa filamu zipatazo 35, zikaoshwa huko huko, zikatiwa maneno ya Kiswahili na ya lugha nyingine kwa sahani za santuri, kisha zikachukuliwa kwa lori kuonyeshwa watu wa vijijini katika nchi nyingi za Afrika ya Mashariki. Makusudi ya wakubwa wale yalikuwa ya kikoloni, kuwafunza Waafrika kwa namna waliyodhani inawafaa, na katika filamu hizo ni chache mno zilizosalia hata leo. Hata hivyo Waafrika walicheza ndani yake, na wengine walijifunza kazi ya maabara ya kuosha picha, mahali ambapo ukiteremka bondeni unaikuta reli. Haikuwapo basi sababu ya maumbile iliyowazuia hirimu wawili wale kukutana. Iliyokosekana ni nia ya wenye mamlaka ya siku hizo.

Siku hizi haiwezi kusemwa kwamba ujuzi umekosekana. Pangani, shirika la UZIKWASA limetoa filamu kama Fimbo ya Baba na Aisha, zilizochezwa na watu wa pwani hii kwa lafudhi yao wenyewe, nazo ni ithibati kwamba hadithi ya kwetu inaweza kusimama mbele ya kamera bila ya kuazima sauti. Reli nayo imeamka: baada ya miaka mingi ya kimya, treni ya mizigo ilirudi katika njia ya Tanga na Moshi mwaka 2019, na mwezi wa Desemba wa mwaka huo abiria wa Dar es Salaam wakaanza tena kufika Moshi, kisha Arusha mwaka 2020. Hizo ni dizeli. Na katika reli mpya ya Dodoma, tangu mwaka 2024, ni umeme, hakuna moshi hata kidogo. Maendeleo hayo nayapokea kwa furaha. Lakini kadiri njia inavyokarabatiwa, ndivyo alama za zama za mvuke zinavyoondolewa, matangi ya maji, mashimo ya majivu, taa za ishara, na ndivyo wale waliozitumia wanavyopungua mmoja baada ya mmoja.

Kilichobaki si haba kwa mwenye kutaka kuanza. Chini ya Amani, katika msitu wa Usambara ya Mashariki, ipo nyumba ya zamani ya mkuu wa stesheni ya Sigi, ambayo sasa hupokea wageni wa hifadhi. Ni kumbukumbu ya reli ndogo iliyotoka Tengeni na kupanda mlima kwa kwenda mbele na kurudi nyuma kufuata miti ya mbao, na reli yenyewe imekwisha kung'olewa. Na Nairobi, katika makumbusho ya reli yaliyofunguliwa mwaka 1971, imesimama injini nambari 5930, mojawapo ya Garratt 34 za daraja la 59 zilizoundwa Manchester na Beyer, Peacock baina ya 1955 na 1956, zenye uzito wa tani 252 hivi, zikapewa majina ya milima ya Afrika ya Mashariki. Hiyo 5930 inaitwa Mount Shengena. Shengena ni kilele cha Upare, mlima ambao abiria wa njia yetu huuona akipita Makanya na Same. Kazi ya injini hiyo ilikuwa katika njia ya Mombasa, jina lake likiwa la huku. Kijana wa Tanga anayejifunza upigaji picha angefanya vema kuanza hapo, akapiga picha ya chuma kilichotulia kwa subira, rivet moja moja, kabla hajatamani kupiga picha ya chuma kinachokimbia.

Na lau siku moja itapatikana injini ya kuwashwa, hata moja ndogo ya shamba la mkonge, utaratibu unajulikana: gari hupita mbele ya kamera, hurudi nyuma taratibu, hupita tena, mara nyingi kadiri nuru inavyoruhusu, watu wakiwa wamesimama mahali palipokubaliwa na wenye reli, kwa maana hakuna fremu inayostahili mguu wa mtu. Wageni hufunga safari mpaka Eritrea kwa ajili ya jambo kama hilo, katika njia ya Massawa na Asmara iliyofufuliwa baada ya vita. Kwa nini wasije Mombo?

Kwa hayo nawaomba watu watatu. Shirika la Reli Tanzania lisiuze kwa mizani ya chuma chakavu chombo chochote cha zama za mvuke kabla hakijapigwa picha na kuandikwa, na kama inawezekana injini moja iwekwe Tanga, chini ya paa. Bodi ya Filamu Tanzania, pamoja na Makumbusho ya Urithi ya Tanga, wawape vijana wa mkoa huu ruhusa na kamera ya kwenda kukaa na wazee wa reli wa Korogwe, Muheza na Mombo, wawaulize habari za moto, maji na njia, na wawapige picha pale pale walipofanya kazi. Na wewe msomaji, ikiwa ndani ya sanduku la marehemu baba au babu yako imo picha ya stesheni, kofia ya gadi, cheti cha kazi au saa ya reli, usiitupe na usiiuze. Andika nyuma yake jina la mwenyewe, mahali na mwaka, uipeleke mahali itakapotunzwa, maana wenye kuzitambua nyuso hizo wangali hai leo.